Kiwanja: Masomo ya juu au teatri? Vijana wanaweza kupata vyote viwili, ila kwa hesabu

RUTSHURU – Matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotoka, waliofaulu wanamwagiwa poda kichwani na kutembezwa barabarani kwa nyimbo. Poda ikishaoshwa, swali gumu linaanza nyumbani: mtoto atasoma nini, na wapi? Kwa wazazi wengi jibu liko tayari: sheria, uganga au uchumi. Lakini huko Kiwanja, mji wa biashara ulio karibu kilomita 70 kaskazini mwa Goma, kuna vijana waliozoea kusimama mbele ya watu katika michezo ya kuigiza ya shule, ya parokia na ya mashirika ya misaada. Hao wanataka kuifanya teatri kuwa kazi yao. Wazazi wanajiuliza kama inafaa kulipa minervali kwa ajili ya kitu kinachoitwa mchezo.

Woga huo una sababu zake. Novemba 2008 raia wapatao 150 waliuawa Kiwanja, kwa mujibu wa shirika la Human Rights Watch. Mwaka 2012 M23 iliuteka mji huo, na Oktoba 2022 ikaurudia. Familia iliyokimbia mara tatu na kuacha shamba bila kuvuna huhesabu kila dola. Na tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukasimama. Kutuma mtoto mbali, na kumfikishia pesa kila mwezi, ni mzigo mwingine.

Hata hivyo, historia ya eneo letu inaonyesha kwamba teatri na masomo mazito vinaweza kukaa nyumba moja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Kinjeketile, kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mtu hawezi kuandika kazi kama hiyo bila kujua historia. Penina Muhando na Amandina Lihamba walikuwa jukwaani na pia wakawa maprofesa. Kwetu Congo, Faustin Linyekula alisoma fasihi na teatri Kisangani kabla ya kuzunguka dunia na kazi zake, kisha akarudi kuweka makao ya Studios Kabako katika mji huohuo. Lubumbashi nako, kundi la Mufwankolo lilipendwa miaka mingi kwa michezo ya Kiswahili bila kupitia chuo kikuu. Kipaji kinaweza kufika mbali peke yake, lakini mzazi hawezi kupanga maisha ya mtoto juu ya bahati.

Basi kijana wa Kiwanja ana njia zipi?

Ya kwanza ni Kinshasa, kwenye Taasisi ya Kitaifa ya Sanaa (INA), inayofundisha muziki na sanaa ya jukwaa. Ni ya Serikali, masomo ni kwa Kifaransa, na diploma yake haina maswali nchini. Ugumu wake ni safari. Bila ndege kutoka Goma, msafiri hulazimika kupita nchi jirani, na gharama ya maisha katika mji mkuu ni kubwa.

Ya pili ni Kampala. Kutoka Kiwanja, mpaka wa Ishasha na ule wa Bunagana uko karibu kuliko vyuo vingi vya Congo. Chuo Kikuu cha Makerere kina idara ya sanaa za jukwaani na filamu, ndani ya chuo kilichoanza mwaka 1922. Hapa uwiano ni mzuri, lakini kuna vikwazo viwili: Kiingereza, na diploma ya Serikali ya Congo ambayo lazima ilinganishwe na vyeti vya Uganda kabla ya kupokelewa. Anayetaka njia hii aanze kujifunza lugha mapema, asingoje barua ya kukubaliwa.

Ya tatu ni Tanzania. Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, inajulikana zaidi kwa mazoezi ya vitendo: ngoma, muziki, uigizaji na ufundi wa jukwaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa digrii yenye nadharia na utafiti. Anayetaka mikono ya fundi aende Bagamoyo. Anayetaka kufundisha baadaye katika chuo kikuu aelekee Dar.

Ya nne ni kubaki karibu. Goma ina UNIGOM, ULPGL na ISP. Teatri huko huishi zaidi nje ya darasa, katika makundi ya vijana na vituo kama Foyer Culturel na Yole!Africa. Mwanafunzi wa Kifaransa au historia katika ISP anaweza kutoka na leseni ya ualimu huku akifanya mazoezi ya jukwaa jioni na mwisho wa juma.

Kwa nini leseni ni muhimu? Kwa sababu soko la teatri mashariki mwa Congo limetegemea sana miradi. Mashirika hulipa makundi ya teatri shirikishi ili kuhamasisha amani, chanjo au mapambano na Ebola. Ni kazi ya heshima, na katika mji kama Kiwanja, mambo ambayo watu hawathubutu kuyasema mezani husemwa jukwaani. Lakini mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, miradi mingi ilikatika kwa wiki chache. Mwigizaji asiye na kazi nyingine alibaki mikono mitupu. Mwenye leseni ya ualimu bado anaweza kutafuta darasa.

Kabla ya kulipa, mzazi aulize chuo maswali manne. Katika mfumo wa LMD mwaka mmoja una kredi 60: ngapi kati ya hizo ni za mazoezi ya jukwaani? Je, chuo kina ukumbi wa kuchezea au ni vyumba vya darasa tu? Walimu wa teatri wenyewe wamewahi kucheza, kuandika au kuongoza michezo? Na waliomaliza miaka mitatu iliyopita wanafanya kazi gani leo? Chuo kisichoweza kujibu swali la mwisho kinauza ndoto.

Kwa familia nyingi za Kiwanja wakati huu, njia ya nne ndiyo salama zaidi: leseni karibu na nyumbani, kundi la teatri lenye nidhamu, kisha masomo ya master ya sanaa barabara zikifunguka. Mwenye ndugu Kampala anayeweza kumpa mtoto kitanda na chakula aifikirie Makerere kwa uzito. Na kijana aliyechagua kubaki Goma asione aibu. Akipata darasa la sekondari siku moja, anaweza kuanzisha kundi la teatri shuleni kwake, na watoto wa Rutshuru hawatalazimika kuvuka mpaka ili kuona jukwaa kwa mara ya kwanza.