Lakabu na Mpaka wa Riwaya ya Upelelezi

Wahakiki wengi hulichukulia jina la kupanga kuwa ni pazia tu: mtunzi wa riwaya dhati, anapotamani kuandika hadithi ya upelelezi, hujifunika nalo asije akavunjiwa heshima na wenzake. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ni ukweli haba, na yanaacha nje swali ambalo wanaisimu walipaswa kuliuliza mapema zaidi: je, jina linapobadilika, lugha nayo hubadilika?

Mfano wa Cecil Day-Lewis unafaa kutangulia. Mwaka 1935 alitoa A Question of Proof kwa jina la Nicholas Blake. Husimuliwa kila mara kwamba alihitaji fedha za kutengeneza paa la nyumba yake, kana kwamba paa moja linatosha kueleza riwaya zipatazo 20 zilizobeba jina hilo. Mwaka 1968, alipoteuliwa kuwa malenga rasmi wa Malkia wa Uingereza, Blake alikuwa bado kazini; The Private Wound ilitoka mwaka huohuo.

Riwaya inayostahili kuangaliwa kwa makini ni The Beast Must Die ya mwaka 1938. Sehemu yake ya kwanza ni shajara ya baba aliyefiwa na mwanawe mdogo, aliyegongwa na gari ambalo dereva wake hakusimama. Baba huyo, Frank Cairnes, ni mwandishi wa hadithi za upelelezi, na huziandika kwa lakabu ya Felix Lane. Anapoamua kumtafuta dereva ili amuue, ni lakabu hiyo inayomfungulia mlango, kwa kuwa jina la Cairnes lingemshtua mkosaji mara moja. Hapa jina la kupanga si pazia tena. Limekuwa kiini cha msuko, na pia njia ya kuchunguza huzuni ya mzazi kwa lugha ambayo mhakiki asingesita kuiita ya kifasihi kama jaladani pangekuwa na jina jingine.

Julian Barnes hakuhitaji kusubiri umaarufu ili agawanyike: mwaka 1980 alitoa Metroland kwa jina lake na Duffy kwa jina la Dan Kavanagh. Huyo Kavanagh alitoa riwaya nne, akanyamaza mwaka 1987.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa John Banville wa Ireland. Baada ya kushinda Tuzo ya Booker mwaka 2005 kwa The Sea, alitoa Christine Falls mwaka 2006 kwa jina la Benjamin Black, akimleta Quirke, daktari mchunguza maiti katika Dublin ya miaka ya 1950. Banville amesema zaidi ya mara moja kwamba Black huandika maneno mengi kwa siku ilhali yeye mwenyewe huridhika na machache mno. Dai hilo limepokewa na wahakiki kama hukumu ya thamani, nalo ni taarifa ya kasi tu. Sentensi iliyoandikwa upesi si lazima iwe sentensi hafifu. Nani asiyejua hivyo miongoni mwa wanaosoma tungo za majibizano?

Kisha mpaka wenyewe ukabomoka. Snow, riwaya ya upelelezi ya mwaka 2020, ilitoka kwa jina la Banville. Mwaka uliofuata Quirke naye alihamia upande huo katika April in Spain. Riwaya hiyohiyo, ilipotafsiriwa kwa Kihispania, ilibaki na jina la Benjamin Black. Mhusika ni yuleyule na visa ni vilevile, lakini majina ni mawili. Basi tofauti iliyodaiwa kuwa ya mtindo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, tofauti ya rafu za duka la vitabu.

Katika Kiswahili lakabu ina historia nyingine. Andanenga alipojiita Sauti ya Kiza hakuwa akijificha. Malenga hujipa lakabu ili atambulike. Naye Muhammed Said Abdulla aliitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 kwa jina lake kamili, na kwa jina hilohilo akaendelea na Bwana Msa hadi Kosa la Bwana Msa, 1984. Hata hivyo, uhakiki wa Kiswahili umeazima mpaka ambao Abdulla hakuuchora, ukaziweka kazi zake katika kapu la riwaya pendwa, kisha ukazijadili zaidi kwa kulinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes kuliko kwa kuchambua Kiswahili chake. Tasnifu inayoichunguza sintaksia ya mazungumzo ya Bwana Msa na Najum, kwa uzito uleule unaopewa nathari ya Kezilahabi, ingeanza kuliziba pengo hilo.