Deni la Mmoja, Nyumba ya Wawili

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika nyumba nyingi za watumishi, matanga hayo hukaliwa na mmoja tu, tena kwa siri, mpaka siku mwenzake aendapo benki kuomba mkopo wa nyumba.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi. Alishindwa kurejesha mkopo wa chama cha akiba na mikopo, akapatana na chama alipe shilingi 200,000 kila mwezi. Aidha, kwa kuwa alisomeshwa kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hukatwa asilimia 15 ya mshahara, yaani shilingi 135,000. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka abakiwe na theluthi moja, yaani shilingi 300,000. Basi katika shilingi 600,000 ziwezazo kukatwa, 335,000 zimekwisha kwenda, na bado kodi na michango. Mumewe akiomba benki ihesabu mishahara yote miwili, wa mkewe utaongeza kidogo sana.

Je, deni la mke ni la mume? La, si kwa sababu tu ya kuoana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua mali ya kila mmoja kuwa yake. Mume anaweza kukopa peke yake, kwa kiasi kinachobebwa na mshahara wake. Lakini sheria hiyo hiyo hairuhusu nyumba ya familia iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kwa hiyo, watake wasitake, wawili hao hawana budi kuketi na kuzungumza.

Hapo ndipo penye kasoro. Tunaona haya kumwonyesha mwenzi hati ya mshahara, lakini hatuoni haya kumwacha alipe fedha za kiwanja na ramani kwa matumaini yasiyokuwapo. Aibu haimo katika kupatana na mdai. Dawa ya deni ni kulipa, na alipaye kila mwezi ametimiza ahadi yake. Aibu imo katika kuficha.

Nayo mabenki yana wajibu. Yasimtazame mwenye mapatano kama mkwepaji. Yaulize amelipa miezi mingapi bila kukosa, na deni litakwisha lini. Anayebakiza mwaka mmoja si sawa na aliyeanza jana.

Ndugu mwalimu, ndugu mtumishi, kabla ya kununua tofali la kwanza, wekeni hati mbili za mshahara juu ya meza moja. Huenda mtaamua kumaliza deni kwanza, au kujenga nyumba ndogo zaidi. Uamuzi wowote utakuwa wenu wawili, na nyumba itakayosimama juu yake haitatikiswa na barua ya benki.