Kopi iko Kinshasa, lakini nani ana ufunguo?

BUKAVU – Benki za Bukavu zilipofunga milango Februari 2025, wakati AFC/M23 ilipoingia mjini, swali la wakaaji lilikuwa moja: pesa yetu imepotea? Haikupotea. Makao makuu ya benki kubwa nyingi yako Kinshasa, na hesabu za wateja zinashikwa huko. Kilichokatika ni njia ya kuifikia. Mtu aliyekuwa na akiba yake yote kwenye hesabu alikuwa anakosa franka za unga.

Hospitali, chuo au shirika lenye ofisi Bukavu, Goma na Uvira linapaswa kujiuliza kama kesho halitakuwa vile vile: data iko mahali fulani, nzima kabisa, na hakuna anayeweza kuifungua.

Shirika la namna hiyo mara nyingi halina mtandao mmoja. Kila ofisi ina wake, wenye daftari lake la watumiaji na maneno yake ya siri. Mafundi wanaita hiyo domeni. Seva ya Bukavu inayopaswa kuchukua kopi ya Uvira kila usiku, ile wengi wanaita sovugade, ni kama msafiri kwenye baryera. Bila jina lake kuwa kwenye daftari la kule, hapiti.

Na sababu za kukataliwa ni nyingi, zingine za kijinga. Uvira wamebadilisha neno la siri, Bukavu bado inatumia la zamani. Seva imepewa jina jipya, na ile ya kopi inaendelea kuita la kwanza. Ao umeme wa SNEL unakatika saa nane ya usiku na faili inabaki nusu.

Kuna pia jambo la saa, ambalo kwa Kongo ni la pekee. Bukavu iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kompyuta zenyewe hazisumbuliwi na hiyo, maana ndani zinahesabu saa moja ya dunia nzima. Shida inakuja pale mtu anaona seva ya Bukavu inaonyesha saa ya Kinshasa, na badala ya kurekebisha eneo la saa, anasogeza saa yenyewe kwa mkono. Kerberos, mfumo wa kutambuana unaotumiwa na domeni za Windows, kwa kawaida hauvumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5. Dakika 60 ni mlango kufungwa. Fundi atatafuta kosa kwenye antena, kwenye kebo, kwenye neno la siri, siku nzima, kumbe ni saa tu.

Lakini kosa baya zaidi ni lile lisiloonekana: ufunguo kuwekwa ndani ya nyumba inayoungua. Kopi imefungwa kwa siri, vizuri, na ile siri imeandikwa kwenye seva ile ile ya Bukavu. Ao seva ya kopi inafunguliwa tu na watumiaji wa domeni ambayo imeanguka. Disko ziko mezani, nzima, na hazina faida.

Tena si kosa la watu maskini peke yao. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva za kampuni OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa. Mteja mmoja alikuwa amelipia kopi ya akiba; ilikuwa imewekwa ndani ya jengo lile lile. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru kampuni imlipe. Data yake haikurudi.

Hapa kwetu, moto ni jirani. Kadutu inajua. Tetemeko la Februari 2008 lilibomoa nyumba Bukavu, Nyiragongo ilitoka tena tarehe 22 Mei 2021, na mwaka 2025 ofisi ziliporwa. Kopi ya pili kwenye kabati la chumba kile kile haihesabiwi.

Kuipeleka mbali nako kuna hatari yake. Faili la mama aliyebakwa, pamoja na jina lake na mtaa wake, ni ushahidi wa mahakama, na likianguka katika mikono mibaya ni hukumu juu yake mwenyewe. Kopi kama hiyo lazima isafiri ikiwa imefungwa, na ufunguo usafiri njia ingine, ushikwe na watu wawili wasiolala mji mmoja.

Kwa mkubwa wa ofisi asiyejua kompyuta, kuna jaribio moja la kumwomba fundi wake wiki hii. Asionyeshe ile alama ya kijani inayosema kopi imefaulu. Achukue kompyuta tupu, isiyo ndani ya domeni yoyote, azime seva kubwa, kisha arudishe faili moja la mwezi uliopita mbele ya macho yake. Kama fundi anaanza kwa kupiga simu Kinshasa kuomba neno la siri, jibu limepatikana.