Mwaka wa fasihi umeisha, mtoto amebaki na nini?

Ripoti ilifika nyumbani Desemba, siku chache baada ya shule kufungwa. Kidato cha tatu, Kiingereza D. Baba aliisoma akiwa amesimama, akaiweka mezani na kutamka neno moja tu: tuisheni.

Mama, ambaye ana genge la mboga na aliishia darasa la saba, hakusema kitu. Alisubiri jioni, binti alipokaa naye kuchambua mchicha.

"Hivi mwaka huu mmesoma hadithi gani huko shuleni? Hebu nisimulie moja."

Binti akaanza na Three Suitors: One Husband, tamthiliya ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni. Akasimulia habari za Juliette, msichana msomi anayerudi kijijini na kukuta baba yake, Atangana, ameshapokea faranga 100,000 za mahari kutoka kwa mkulima Ndi. Kabla hajapumua, anafika Mbia, mtumishi wa serikali, na faranga 200,000. Ukoo mzima unahesabu fedha, mwenye kuolewa hajaulizwa. Naye Juliette anampenda Oko, mwanafunzi asiye na kitu.

Mama alicheka mpaka mchicha ukamdondoka. Kisha akauliza, "Wewe ungekuwa Juliette ungefanyaje?"

Binti akanyamaza kidogo. "Ningetaka niulizwe kwanza, mama. Hata leo baba amesema tuisheni, hajaniuliza nimeshindwa wapi."

Basi mama akauliza. Ikajulikana kwamba tamthiliya ile binti aliisoma yote na kuielewa, ila kwenye mtihani maneno ya Kiingereza yalimkauka akaandika mistari sita. Kitabu cha pili, Unanswered Cries cha Osman Conteh, hakukisoma kabisa. Darasani nakala zilikuwa chache, zamu yake ikapita, akategemea desa alilonakili kwa mwenzake. Alipotakiwa kusimulia, alitaja jina la Olabisi akakwama.

D ni moja, lakini magonjwa ni mawili, na kila moja lina dawa yake. Aliyeelewa hadithi akashindwa kuiandika anahitaji mazoezi ya kuandika. Ambaye hajasoma anahitaji kitabu. Ukimpeleka huyu wa pili tuisheni akapewa desa jingine, fedha imekwenda na kitabu bado hakijafunguliwa.

Ndiyo maana likizo ya Desemba ni wakati mzuri wa kuukagua mwaka mzima, na kazi hiyo haihitaji mzazi anayejua Kiingereza. Mtoto aorodheshe vitabu vyote vya mwaka, kisha asimulie kimoja kimoja kwa Kiswahili. Nani anataka nini? Nani anamzuia? Ikawaje mwishoni? Akisimulia kwa mtiririko, kitabu kiko kichwani. Akirukaruka na kutaja "dhamira" na "ujumbe" bila tukio hata moja, huyo amesoma desa.

Hatua inayofuata ni daftari. Kila kitabu kipate ukurasa wake: mwandishi, wahusika wakuu, matukio matano na kila tukio linafundisha nini. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne una sehemu ya fasihi, na maswali yake ya insha mara nyingi hudai mifano kutoka vitabu viwili. Kusema "wasichana wanaonewa" hakutoshi. Lazima aonyeshe ni nani, wapi na kwa tendo gani. Baada ya hapo aandike kwa Kiingereza mistari mitano kwa siku kuhusu tukio moja. Atakosea, lakini Januari mkono utakuwa umezoea. Kati ya D na C hakuna mlima: D huanzia alama 30 hadi 44, C inaanzia 45.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye ripoti. Vitabu hivi vinazungumza mambo ambayo nyumba nyingi huyaonea aibu. Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala kinaonyesha familia inavyoteketea kwa ukimwi. Unanswered Cries kinamfuata msichana wa miaka 14 wa Sierra Leone ambaye mama yake anataka akeketwe, na jambo hilo linafika mahakamani. Hapa Tanzania, ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1998. Mzazi anayeshindwa kuanzisha mazungumzo hayo ana pa kuanzia: amuombe mtoto amsimulie Olabisi.

Usiku ule mama alimweleza baba alichokisikia gengeni. Baba alikaa kimya, akaichukua ripoti na kuitazama upya. Kesho yake alimwita binti na kumuuliza anahitaji nini. Fedha iliyokuwa ya tuisheni ya mwezi wa kwanza ikanunua vitabu viwili na daftari kubwa.

Tuisheni haikufutwa. Itasubiri mpaka binti amalize kusoma, aende akijua swali analokwenda kuuliza. Kwa sasa, kila baada ya chakula cha usiku, baba ndiye anayeanza: "Haya, Olabisi tulimwacha wapi?"