Dharau kwa Elimu ya Nyota

Msomaji, bila shaka umepata kumsikia mtu mzima, pengine mwenye heshima zake, akisema kuwa kutazama nyota za mbali ni kazi ya walioshiba. "Mwenye njaa atapata nini," huuliza, "katika kitu ambacho hata jicho lake halikioni?" Swali hili huulizwa kwa kicheko, na kicheko hicho ndicho nikipingacho. Njaa ni neno zito. Halifai kufanywa kisingizio cha uvivu wa kufikiri.

Itazame galaksi moja, yaani jamii moja ya mabilioni ya nyota, iitwayo NGC 1300 katika daftari za wanafalaki. Nuru ya jua hutufikia kwa dakika 8 tu. Nuru ya galaksi hii husafiri miaka ipatayo milioni 60. Ilifunga safari kabla ya mwanadamu kuwako. Katikati yake limelala pao la nyota, limenyooka kama boriti, na kila ncha ya pao hilo hutoa mkono mrefu uliopinda. Picha iliyopigwa kwa darubini ya Hubble mwaka 2004 ilionyesha ajabu nyingine: kitovuni mna mikono midogo iliyopinda vivyo hivyo, mfano wa ile mikubwa, ikienea upana wa miaka ya nuru 3,300 hivi. Wala pao lenyewe si pambo. Huisukuma gesi kuelekea kitovuni, kama mfereji upelekavyo maji shambani.

Yatuhusu nini hayo? Yatuhusu sana, kwa kuwa nasi twakaa katika nyumba ya namna hiyo. Galaksi yetu, Njia ya Maziwa, ina pao katikati; lakini sisi tumo ndani, na aliye chumbani haoni paa lake kwa nje. Hulijua umbo lake kwa kutazama nyumba ya jirani.

Wako wengine, na hawa hunikera zaidi, wasemao kuwa elimu hii ni ya Wazungu. Ni kweli, aliyeigundua galaksi hiyo mwaka 1835 alikuwa Mwingereza, John Herschel. Lakini aliionea wapi? Hapa Afrika, katika Rasi ya Tumaini Jema, alikokwenda na darubini yake ya futi 20 ili aichunguze anga ya kusini. Na mkulima wetu wa kale, aliyekipa Kilimia jina la kazi ya jembe, je, naye alikuwa mgeni?

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Chombo kilikuwa cha Wamarekani, jukwaa la Waitalia. Sisi tulitoa bahari na jina. Hilo ndilo lingemuuma yule mcheshi wetu, badala ya kumcheka kijana anayeomba kusoma fizikia.

Usiku wa Desemba galaksi ile hupita karibu na utosi wa Kenya. Haionekani kwa macho matupu. Yataka darubini, na mtu wa kuishika.