Nani Kasema Kiswahili Hakijui Kona?

Kauli hii imezoeleka mno hata haishtui tena: Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi, lakini hisabati hakiiwezi. Anayeitamka aghalabu huitamka kwa mapenzi, na hapo ndipo penye sumu. Hutupa bahari, mwezi na mahaba, kisha akatunyima pembetatu. Nasi washairi, kwa kupenda kusifiwa, tumeipokea sifa hiyo na kukaa nayo kimya. Leo nataka kuirudisha kwa wenyewe.

Nianze mbali na pwani yetu, katika kata ya Kinyala, wilaya ya Rungwe, kwenye vilima vya Tukuyu, ambako mvua haichoki na migomba husimama hadi mlangoni. Nilikuwa mgeni huko. Asubuhi moja nilimkuta fundi akipima msingi wa nyumba. Hakuwa na chombo ila kamba, vigingi na tepu. Alipigilia kigingi cha kwanza pale alipotaka kona, akapima futi tatu upande mmoja na futi nne upande wa pili, kisha akamwita bintiye, mwanafunzi wa kidato cha pili, ashike ncha ya tepu wapime baina ya zile alama mbili. Ilisoma futi tano na inchi mbili. Fundi akasogeza kigingi kimoja ndani kidogo, ikasoma tano kamili. "Sasa kona imekubali," akasema.

Nikamwuliza binti kwa nini iwe tano. Akajibu papo hapo: "Ikizidi, kona imefunguka. Ikipungua, imejibana."

Jioni alinionyesha daftari lake la hisabati. Humo alikuwa ameandika kanuni ya Pythagoras kwa Kiingereza, kwa mwandiko safi, neno kwa neno kama ilivyokuwa ubaoni. Nikamwomba anieleze maana yake. Akanyamaza. Nikamwuliza kama maneno yale yana uhusiano wowote na tepu ya asubuhi. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kama migomba ina udugu na meli. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na alama nyekundu ya kukosa, nayo ndiyo iliyokuwa ikimwambia kwamba hajui hisabati. Lakini mtoto yule hakukosa maarifa. Alikuwa nayo mkononi tangu asubuhi, ila hakuna aliyemvusha nayo hadi kwenye daftari.

Watakuja wenye kusema kwamba elimu hiyo ni ya wageni, na ya wageni haina budi isomwe kwa lugha ya wageni. Hebu tuwaulize: wageni wepi? Pythagoras hakuwa Mwingereza. Alikuwa mtu wa kisiwani kama sisi, mzaliwa wa Samos, karibu na pwani ya Uturuki ya leo, aliyeishi katika karne ya 6 kabla ya Kristo na kuhamia Croton, kusini mwa Italia. Hakuna andiko lake hata moja lililotufikia. Wala yeye hakuwa wa kwanza kuijua kanuni inayoitwa kwa jina lake. Kibao cha udongo cha Babeli kijulikanacho kama Plimpton 322, kilichohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kina mistari 15 ya namba za kanuni hiyo, nacho kiliandikwa zaidi ya miaka 1,000 kabla yeye hajazaliwa.

Sisemi haya ili kumvua Mgiriki heshima yake. Wapo miongoni mwetu wanaolipiza kisasi kwa kudai kwamba kila elimu iliibwa Afrika, na madai hayo ni uvivu uliovaa kanzu ya fahari. Kujua kwamba tatu, nne na tano hutoa kona ni jambo moja. Kuthibitisha kwamba kila pembetatu yenye pembe mraba lazima iitii kanuni ile ni jambo jingine. Uthibitisho ulioenea duniani ni wa Euclid, aliyeandika mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo. Hoja ya 47 ya kitabu chake cha kwanza ndiyo kanuni yenyewe. Ya 48 inaigeuza: pande zikikubaliana hivyo, basi pembe ni mraba. Hiyo ya 48 ndiyo aitumiayo fundi wa Kinyala. Mtoto wake ana haki ya kuupata uthibitisho huo mzima, si kipande, na ndiyo maana nadai aupate kwa lugha anayoielewa.

Tena elimu hiyo haijapata kutembea ila kwa miguu ya wafasiri. Al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar alimtafsiri Euclid kwa Kiarabu mjini Baghdad, tangu zama za Harun al-Rashid. Kiarabu cha mashairi ya jangwani hakikuzaliwa na istilahi za jiometri. Wafasiri ndio walioziunda. Kiingereza nacho kiliwahi kuonekana hakifai. Mwaka 1551 Robert Recorde alipochapisha kitabu cha jiometri kwa Kiingereza, ilimbidi abuni maneno kutokana na lugha ya watu wake, kwa kuwa wasomi walitumia Kilatini na Kigiriki. Baadhi ya maneno yake yalikufa, lakini kazi haikufa, na mwaka 1570 Waingereza wakapata Euclid kwa lugha yao. Hawakungoja lugha ikomae ndipo waitumie. Waliitumia, ikakomea kazini.

Sisi je? Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Mwalimu Nyerere, yuleyule aliyemvisha Shakespeare kanzu ya Kiswahili kwa *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Na iwe hivyo. Kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko sasa, lakini kama lugha. Kujifunza kuogelea ni jambo jema. Kumtumbukiza mtoto baharini na kumtahini hesabu humohumo ni jambo jingine. Huku visiwani tulikwenda mbali zaidi: sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Hapa, kitovu cha Kiswahili sanifu!

Lipo pingamizi moja zito, na silikimbii. Lugha ya kwanza ya binti yule ni Kinyakyusa. Kwake Kiswahili nacho ni cha kujifunza, na sisi watu wa pwani hupenda kulisahau hilo. Kweli. Lakini Kiswahili kwake ni nyumba ya ndugu: tatu ya huku ni jamaa ya tatu ya kwao, na baba yake hukihama Kinyakyusa na kukirudia katikati ya sentensi bila kujikwaa. Amekisoma miaka yote ya shule ya msingi, na ndicho kilichompa mraba, mstatili na pembetatu. Kumpokonya maneno hayo mlangoni mwa kidato cha kwanza ni kumvunjia ngazi aliyokwisha kuipanda.

Wengine hulalamika kwamba istilahi hazitoshi. TUKI ilichapisha *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* mwaka 1990. Istilahi zipo, zinakufa kwa kukosa darasa la kuzisema. Neno halikui kabatini.

Na sasa niwageukie washairi wenzangu. Sisi tunaokataa mshororo kwa kupungua mizani moja, tunadiriki vipi kuogopa hesabu? Mizani 16 za mshororo wetu, nane ukwapi na nane utao, ni nne mara nne, na ni eneo la mraba unaosimama juu ya ubavu wa futi nne wa fundi. Tumetunga tenzi za dini, za vita na za maadili, tukawafundisha watoto mambo mazito kwa vina. Tumeshindwaje na kona? Mimi si mtunzi bora wa kizazi changu, lakini nimejaribu:

Tatu kwa tatu zidisha, jawabu lake ni kenda,
Nne kwa nne pandisha, kumi na sita hutanda,
Mbili hizi unganisha, tano kwa tano huenda,
Kona haitakuchosha, ukuta hautapinda.

Mwenye uwezo na atunge bora zaidi, nitafurahi kushindwa. Ubeti huu niliutuma Kinyala. Nilijibiwa kwamba binti aliusoma mara mbili, akachukua daftari lake, na chini ya yale maneno ya Kiingereza akachora kigingi, kamba na namba tatu. Kisha akaandika kwa Kiswahili: "Kumbe ni ile kona ya baba."