Nani Kasema Msomi Hashiki Panga?

Kila mwaka ikifika Julai, vyuo vikishafunga na wanafunzi wakatawanyika kwenda fildi, huzuka lalamiko lile lile. Wa benki wako kwenye kiyoyozi, wa halmashauri wanapanga mafaili, na yule wa akiolojia aliyepangiwa kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani anapiga simu nyumbani kusema amekabidhiwa panga. Mzazi anapandwa na hasira: sikumsomesha mwanangu akafyeke! Mhadhiri naye akija kukagua anataka ripoti yenye sura zote na daftari lililosainiwa. Ukuta unaendeleaje, hakuna anayeuliza.

Nyuma ya hasira hiyo kuna imani iliyokomaa. Kutunza magofu ni kazi ya kibarua, asiyesoma aifanye. Kuelimisha umma ni kazi ya msomi, na kazi yenyewe ni mdomo: kariri tarehe, vaa fulana yenye nembo, simama mbele ya wageni. Imani hii inaharibu wanafunzi na inaharibu magofu, tena kwa wakati mmoja.

Mchukueni kijana aliyefundishwa kwa mtindo huo, mumweke Husuni Kubwa. Atawaambia jumba hilo lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Atasema lina vyumba zaidi ya 100. Atawaonyesha birika la pembe nane. Dakika kumi, amemaliza. Kisha mtoto wa darasa la sita, aliyekuja na basi la shule, anauliza swali ambalo watoto hawakosi kuuliza: hakukuwa na saruji, sasa hizi kuta zilishikamanaje? Kijana wetu anageukia ubao wa maelezo. Ubao nao haujui.

Anayejua ni aliyechanganya chokaa. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya tanuri la magogo, moto ukapigwa mpaka mawe yakaiva, kisha yakanyweshwa maji yakavunjika kuwa unga mweupe. Chokaa hiyo haitumiki papo hapo. Inaachwa ikae, ndipo ichanganywe na mchanga. Anayeharakisha lipu yake inapasuka. Anayepaka jua la Agosti likiwaka na kusi ikivuma, asifunike kazi yake kwa magunia yaliyoloweshwa, inapasuka vile vile, na kesho yake anabandua na kuanza upya. Aliyebabuka viganja kwa shughuli hiyo hana haja ya kukariri lolote. Muulizeni zilishikamanaje, hamtamnyamazisha.

Na huyo huyo ndiye atakayepiga kelele siku atakapomwona mtu kabeba mfuko wa saruji kuelekea Msikiti Mkuu wa Kilwa. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe, tena haipitishi unyevu kama chokaa. Ukiziba nayo ufa, maji yenye chumvi yanakwama ndani ya ukuta. Yakikauka, chumvi inaganda na kutanuka ndani ya jiwe, jiwe linamomonyoka kuwa mchanga, na kiraka cha saruji kinabaki kimesimama peke yake kikiwa kizima kabisa. Anayepita mbali ataona ukuta uliokarabatiwa. Somo hilo kwenye slaidi za darasani lina mistari mitatu, na mtihani ukiisha limesahaulika. Ukutani unaligusa kwa kidole.

Hata huko kufyeka mnakokudharau kuna elimu yake. Masika inaacha vichaka, na mche uliojipenyeza kwenye ufa wa ukuta wa miaka 700 haung'olewi kwa nguvu kama magugu shambani. Ukiuvuta, mizizi inatoka na mawe. Unakatwa, unaachwa ufe, halafu mawe yanapangwa upya na kujazwa chokaa. Ufukweni mambo ni kinyume. Pale Gereza, ngome waliyoianzisha Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505 na Waomani wakaja kuijenga upya, mmea ndio mlinzi. Mikoko ikikatwa, mawimbi yanakula ukingo mpaka chini ya misingi. Kwa hiyo kuna majani ya kung'oa, ya kukata na kuacha, na ya kupanda kabisa. Mpeni panga mtu asiyejua tofauti hiyo, muone atakachowaachia. Kama hii si kazi ya msomi, sijui msomi mnamtaka wa nini.

Isitoshe, umma mnaotaka uelimishwe ni upi? Tukisema umma tunawaza watalii na mabasi ya shule. Umma wa kwanza wa Kilwa Kisiwani hauji kwa boti kutoka Kilwa Masoko, ng'ambo bara, unaishi pale pale; unalima, unavua, unapita kando ya magofu kila alfajiri. Huwezi kumpanga mvuvi kwenye mstari umhutubie juu ya thamani ya nyumba za mababu zake. Lakini akikukuta juani unabeba ndoo ya mchanga, atasimama, atakucheka kidogo namna unavyoishika, halafu ataanza kuzungumza, na mara nyingi utakayoyasikia wewe ni mengi kuliko utakayomwambia. Ofisi yenye mabango haijawahi kupata mazungumzo hayo.

Tusisahau pia tulikotoka. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na yalikaa humo miaka kumi, mpaka 2014. Ripoti ziliandikwa, bila shaka, lakini kuta zilishikwa na mafundi, wakiwemo wakazi wa hapo hapo, waliojifunza upya kazi ya mawe na chokaa. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964, inalinda majengo ya kabla ya 1863, na ni sheria nzuri. Haijawahi kuziba ufa.

Najua nitakachojibiwa: ziko ofisi zinazowageuza wanafunzi wa fildi kuwa vibarua wa bure. Ni kweli, na ni dhuluma. Kijana anafyeka wiki nane bila mtu kumweleza anafyeka nini na kwa nini, hana glavu, hana chakula cha mchana, posho ya Bodi ya Mikopo imechelewa, na mwisho anaandikiwa "amefanya vizuri". Huyo kaibiwa. Lakini alichoibiwa ni mafunzo. Mkimwondoa kwenye panga mkamweka kwenye fotokopi, bado kaibiwa, ila sasa yuko kivulini.

Ninachotaka si kikubwa. Asubuhi mwanafunzi awe ukutani pamoja na fundi. Mchana, wageni wakija, awapokee hapo hapo alipo, na vumbi lake, awaeleze alichokifanya tangu asubuhi na kwa nini. Mhadhiri wa kukagua avuke maji, asiishie kupokea ripoti Masoko. Amsikilize mwanafunzi akimjibu mtoto wa darasa la sita, ampe alama kwa majibu hayo.

Kisha kuna suala la saini. Fomu ya tathmini ina nafasi ya ofisa wa kituo na nafasi ya mhadhiri. Iongezwe ya fundi mwashi, na alama zake zihesabiwe, kwa sababu ndiye aliyefundisha. Chuo kikisema fundi hana digrii, basi kitafute mwenye digrii anayeitambua chokaa iliyoiva kwa kuishika tu, aje asaini yeye.